Maradhi ya Ukoo na Maradhi ya Mahali

Neno "kurithi" katika Kiswahili hutumika kwa mali, kwa cheo, na kwa maradhi pia. Husemwa kuwa mtu amerithi shamba, na husemwa vile vile kuwa amerithi kifafa. Lakini mambo hayo hayalingani. Shamba humfikia mrithi lilivyo, hali maradhi mengi hayarithiwi yenyewe. Kinachorithiwa ni wepesi wa kupatwa nayo.

Mfano u karibu. Barabara itokayo Mikumi, wilayani Kilosa, huelekea kusini hadi Kidatu na Ifakara, kisha hupanda milima ya Mahenge, nchi ya Wapogoro. Huko Dkt. Louise Jilek-Aall alitibu wagonjwa wengi wa kifafa, na mwaka 1965 alichapisha habari zao. Baadhi ya watoto walikuwa na dalili ngeni: kichwa huinama na kuinuka mara kwa mara. Mwaka 1979 yeye na wenziwe waliandika juu ya suala la urithi, maana wagonjwa walionekana kukusanyika katika koo. Jambo hilo si dogo: ukoo ukisemwa kuwa una kifafa, hata binti mwenye afya aweza kukosa mposaji.

Lakini ndugu hawashiriki damu tu. Hushiriki pia mto na shamba. Usubi huzaliana katika maji yaendayo kasi, nao hueneza minyoo ipofushayo macho. Umepatikana Mahenge, na Kilosa pia. Uchunguzi wa baadaye umekihusisha kifafa hicho na minyoo hiyo. Dhana moja, iliyotolewa mwaka 2017, ni kuwa kinga ya mwili ikipigana na mnyoo hukosea ikazishambulia neva. Ndiyo sababu wachunguzi hutazama jeni za kinga, ziitwazo HLA, wapate kujua kwa nini katika watoto walioumwa na usubi ule ule mmoja huugua na mwingine husalimika.

Njia hiyo imefuatwa zaidi katika maltipo sklerosisi, maradhi yaharibuyo utando wa neva, ambayo ni machache katika Afrika ya joto. Zaidi ya sehemu 200 za jeni zimehusishwa nayo, na iliyo kuu ni ya HLA. Hata hivyo, pacha wa kufanana akiugua, mwenziwe huugua kiasi cha mara 1 tu katika 4. Tena mwaka 2022 uchunguzi wa askari wa Marekani ulionyesha kuwa walioambukizwa virusi vya Epstein-Barr hatari yao ilizidi mara 32.

Kwa hiyo yapasa "chanzo" kitengwe na "kihatarishi", yaani kile kiongezacho uwezekano wa kuugua bila kutosha peke yake. Mzazi aambiwaye kuwa kifafa ni cha ukoo huona hana la kufanya. Akielezwa kuwa ukoo huenda ukaongeza wepesi tu, na kwamba minyoo ya mtoni inahusika, atajua kwa nini watu wa kijiji chake hupewa dawa ya ivamektini.