Mbolea ya nyungunyungu: Kivuli na maji kwa kipimo ndiyo siri Ukambani

WAKULIMA wa Kitui na Makueni wanaoanza kutengeneza mbolea kwa kutumia nyungunyungu wekundu hukabiliwa na hatari ambayo wenzao wa maeneo yenye baridi hawaijui sana. Sanduku lililojaa viumbe hai asubuhi laweza kuwa kaburi ifikapo jioni.

Nyungunyungu hana mapafu. Hupumua kupitia ngozi, nayo ngozi hiyo sharti iwe na unyevu. Ikikauka, hufa kwa kukosa hewa. Joto linalomfaa ni kati ya nyuzi 15 na 25 za Selsiasi. Likizidi 30 hudhoofika, na likifika 35 wengi huangamia.

Katika nyanda za chini kama vile Kibwezi na Mutomo, joto la mchana mwezi Februari na Machi hupita nyuzi 30 hata kivulini. Isitoshe, aina hii ya nyungunyungu huishi juu juu, ndani ya takataka zinazooza, wala haichimbi kwenda chini penye ubaridi. Ndani ya sanduku, haina pa kukimbilia.

Kwa hivyo, jambo la kwanza ni mahali. Sanduku liwekwe chini ya mwembe au mti mwingine usiopukutisha majani. Pipa la bati halifai kwani hushika joto upesi. Mbao au matofali ni bora. Juu yake tandaza gunia la katani lililoloweshwa. Maji yanapokauka kutoka kwenye gunia huondoka na joto, jinsi mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa.

Kupima unyevu hakuhitaji kifaa. Chukua konzi moja ya mboji uikamue: likitoka tone moja au mawili, unyevu unatosha. Pasipotoka kitu, nyunyiza maji kidogo kidogo. Sisimizi wakianza kuingia, hiyo pia ni dalili ya ukavu.

Katika boma ambako maji huchotwa mbali, kwenye mchanga wa mto uliokauka, si lazima kutumia maji safi. Yaliyooshea mboga au mchele yanafaa, mradi hayana sabuni wala chumvi.

Aidha, joto jingine hutoka ndani. Samadi mbichi ya mbuzi au ng'ombe huchemka inapooza, na yaweza kuwaua nyungunyungu hata sanduku likiwa kivulini. Iloweshwe na kugeuzwa kwa muda wa majuma mawili au zaidi, hadi mkono ukitumbukizwa usihisi joto. Maganda ya maembe, ambayo hujaa Makueni msimu wa mavuno, nayo huchacha na kupata joto. Yafukiwe machache kwa wakati, upande mmoja wa sanduku.

Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huleta balaa la kinyume. Maji yakituama, hewa hutoweka, harufu mbaya huzuka na nyungunyungu hupanda kuta wakitafuta njia ya kutoroka. Toboa matundu chini ya sanduku, liezeke, kisha changanya majani makavu au magazeti yaliyochanwa.

Atakayezingatia hayo atavuna mbolea baada ya miezi mitatu hivi. Kwa shamba la kichanga, faida si rutuba pekee: mbolea hiyo husaidia udongo kuhifadhi maji mvua inapokatika mapema.