Homa ya Ini Aina ya C: Usimfiche Mgonjwa, Sasa Inapona



Ndugu msomaji, sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyetufundisha usafi na kututaka tutafute tiba tunapougua. Leo katika safu hii tunazungumzia homa ya ini aina ya C.

Tuchukue mfano wa baba mmoja mwenye mke na watoto. Amekwenda kumtolea damu nduguye aliyelazwa. Baada ya siku chache anaitwa na kuambiwa kuwa damu yake haikufaa, kwani kipimo kimeonesha homa ya ini aina ya C. Anarudi nyumbani kimya. Anajitengea sahani na kikombe. Mkewe akija kujua, anadhani mumewe ametoka nje ya ndoa, na jamaa zake wanaanza kuzungumzia talaka. Baba wa watu anaishia kwa muuza mizizi, anakunywa chupa baada ya chupa, na hospitali harudi tena.

Sisi matabibu mambo kama haya tunayaona, na karibu kila hatua aliyochukua baba huyu ni kosa linaloweza kuepukwa.

Ni ugonjwa gani?

Kwanza tusichanganye majina. Homa ya manjano huambukizwa na mbu. Homa ya ini aina ya C husababishwa na virusi vinavyokaa kwenye damu na kushambulia ini. Iko pia aina ya B, ambayo hapa kwetu ndiyo inayoonekana zaidi. Aina ya B ina chanjo, na watoto wetu huipata kliniki. Aina ya C haina chanjo, lakini ina dawa inayoiponya kabisa.

Watu wengi walioambukizwa hawaumwi chochote kwa miaka mingi. Kati ya watu 100, wapatao 15 hadi 45 miili yao huvifukuza virusi yenyewe ndani ya miezi sita. Waliobaki huendelea kuwa navyo, na baadhi yao baada ya miaka 20 au zaidi ini hujaa makovu, tumbo hujaa maji, au hupata saratani ya ini. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2022 watu wapatao milioni 50 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na takriban 242,000 walikufa kwa ajili yake.

Unaambukizwa vipi?

Unaambukizwa kwa damu kukutana na damu. Sindano iliyotumika kwa mtu mwingine, wembe mmoja kuchanjia chale familia nzima, kisu kimoja kutahiria watoto kadhaa, kutoga masikio kwa sindano isiyochemshwa, vifaa vya hijama visivyosafishwa ipasavyo, na damu ya kuongezewa ambayo haikupimwa. Mama mjamzito pia anaweza kumwambukiza mtoto wake.

Hauambukizwi kwa kula sinia moja, kupeana mikono, kukumbatiana, kutumia birika moja la udhu, wala kusimama bega kwa bega katika safu ya swala. Mama anaruhusiwa kunyonyesha, isipokuwa chuchu zikiwa zimechanika na kutoa damu, hapo asubiri zipone. Na kwa mke na mume walioshikamana na ndoa yao, uwezekano wa kuambukizana kwa tendo la ndoa ni mdogo sana. Hivyo basi, karatasi ya majibu si ushahidi wa zinaa wala si sababu ya talaka. Mwenye kumtuhumu mwenzake kwa karatasi hiyo amuogope Allah.

Somo kutoka Misri

Ndugu zetu wa Misri wanaufahamu ugonjwa huu kuliko wengi. Kuanzia miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980, serikali yao iliwachoma wananchi sindano za kutibu kichocho. Sindano zilitumika kwa mtu zaidi ya mmoja bila kuchemshwa vya kutosha. Nia ilikuwa njema, lakini tiba ya kichocho ikaeneza homa ya ini. Uchunguzi wa mwaka 2008 ulionesha kuwa karibu mtu mmoja katika kila 10, wenye umri wa miaka 15 hadi 59, alikuwa na virusi hivi.

Wakati ule tiba ilikuwa sindano za kila wiki, hadi wiki 48, zenye kuleta homa na huzuni, na takriban nusu ya wagonjwa ndio waliopona. Mwishoni mwa mwaka 2013 Marekani iliidhinisha kidonge kiitwacho sofosbuvir. Bei yake huko ilikuwa dola 84,000 kwa wiki 12. Misri ilijadiliana ikapata kwa dola 900, kisha viwanda vyake vikatengeneza dawa hiyo na bei ikashuka chini ya dola 100.

Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 Misri ikapima watu karibu milioni 50. Hawakuitwa wote kwa mabingwa Cairo. Walipimwa kwenye vituo vya afya, vituo vya vijana na kwa timu za kutembea, na waliokutwa na virusi wakapewa dawa. Oktoba 2023 WHO iliitambua Misri kuwa nchi ya kwanza kufikia ngazi ya dhahabu katika safari ya kuutokomeza ugonjwa huu. Jirani zetu wa Rwanda nao walianza mpango wao wa kuutokomeza Desemba 2018.

Tiba imerudi karibu na watu

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 600 wa Washington, Marekani. Baadhi walitibiwa na mabingwa, wengine na madaktari wa kawaida, wengine na wauguzi waliopewa mafunzo. Matokeo yalikuwa sawa. Mwaka 2022 WHO ikashauri kupima na kutibu kufanyike katika vituo vya afya vya kawaida, na wauguzi na madaktari wasio mabingwa wafanye kazi hiyo.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Kipimo cha kwanza ni tone la damu ya kidole. Kikionesha chanya, maana yake ni kuwa mwili uliwahi kukutana na virusi, si lazima uwe navyo sasa. Ndiyo maana kuna kipimo cha pili kinachotafuta virusi vyenyewe. Mashine ya GeneXpert, ambayo wengi mnaijua kwa kifua kikuu, inaweza kufanya kipimo hicho. Baba wa mfano wetu alikimbia kabla ya kipimo cha pili, na huenda hakuwa mgonjwa kabisa.

Virusi vikionekana, mgonjwa hupimwa hali ya ini, hupimwa pia aina ya B, kwa sababu dawa hizi zinaweza kuiamsha, kisha hupewa vidonge mara moja kwa siku, kwa kawaida wiki 12. Zaidi ya watu 95 katika 100 hupona. Baada ya wiki nyingine 12 hupimwa tena kuthibitisha. Aliyepona anaweza kuambukizwa upya, hivyo tahadhari inaendelea.

Mweleze tabibu wako dawa zote unazotumia, hasa za kifua kikuu, kifafa na moyo. Mwenye tumbo lililojaa maji, macho ya njano au anayetapika damu aende hospitali kubwa bila kuchelewa. Mjamzito kwa kawaida husubiri hadi ajifungue. Mizizi iachwe, kwani baadhi yake huliumiza ini lililokwishaumia. Na mwezi wa Ramadhani usikutishe: vidonge vya sofosbuvir na daclatasvir humezwa mara moja kwa siku, ukiwa umekula au hujala, hivyo wakati wa futari unatosha.

Wajibu wetu

Uislamu umetufundisha kuwa damu inayomwagika ni najisi, na umetukataza kudhuriana. Basi kila mtu nyumbani awe na wembe wake, mswaki wake na kikata kucha chake. Damu ikimwagika vaa glavu, ifute, kisha pasafishwe kwa jiki, kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji. Anayekufanyia hijama afungue wembe mpya mbele yako. Wazazi wakipeleka watoto jandoni, waulize juu ya vifaa. Anayekwenda Hijja abebe wembe wake wa kunyolea.

Na kama uliwahi kuongezewa damu, kuchanjwa chale au kuchomwa sindano mitaani, nenda kituo cha afya ukaulizie kipimo. Kama hakipo hapo, omba rufaa. Nenda na mwenza wako, msikie majibu pamoja. Baba yule angekwenda na mkewe, nyumba yao isingefikia kuzungumzia talaka.

Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiq.