Mchoro Bila Habari Hupotea

Ukisikia maonyesho ya sanaa Nairobi usidhani ni Westlands pekee. Huko Eastlands, mtaani Buruburu, Boniface Maina, Michael Musyoka na David Thuku walianzisha studio ya Brush Tu mwaka 2013, ndani ya nyumba ya kuishi kama nyingine.

Ninaloliona mimi ni hili: waandishi wa habari huja siku ya ufunguzi, wakapiga picha za wageni, kisha kimya. Ilhali mchoro ukishanunuliwa huingia sebuleni kwa mtu, umma hauuoni tena. Kinachobaki ni yale yaliyoandikwa.

Nasi Pwani tuziandike kazi za wachoraji wetu zingali ukutani. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.