Homoni moja, majibu mawili: namna stameni inavyokua

Wandugu wa Kakanda, kila mwaka mwezi wa kwanza na wa pili mashamba yetu yanafundisha biolojia, na wengi tunapita kando tu. Juu kabisa ya mmea wa mahindi kuna mbelewele, ile inayomwaga unga wa njano. Chini, kando ya shina, hindi linatoa nywele. Mbelewele ni dume, hindi ni jike. Ule unga, yaani chavua, usipofika kwenye nywele, hakuna punje, na bila punje hakuna bukari. Sasa swali: mmea unajuaje mahali pa kuweka dume na mahali pa kuweka jike?

Tuelewane kwanza juu ya neno moja. Stameni ni kiungo cha dume ndani ya ua: uzi mwembamba, na juu yake kifuko cha chavua. Maua ya mahindi yakiwa machanga kabisa, kila moja linaanza na vyote viwili, stameni na pistili, ile sehemu ya jike. Baadaye kimoja kinasimamishwa. Kule juu pistili inakufa. Kule chini stameni zinaacha kukua.

Nani anasimamisha? Kule juu ni homoni inayoitwa asidi ya jasmoniki. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba jeni ya tasselseed1 inatoa kimeng'enya kinachosaidia kuitengeneza. Jeni hiyo ikiharibika, mbelewele inageuka jike. Walipoipa mimea hiyo asidi ya jasmoniki, stameni zikarudi. Kule chini kazi ni ya homoni nyingine, jiberelini, ile inayorefusha shina. Mahindi yasiyoweza kuitengeneza yanabaki mafupi, na stameni zinaota hata kwenye hindi. Kumbe kwenye hindi jiberelini inazuia stameni.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Chukua Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya kabichi ambao maabara nyingi zinautumia. Kwake, jiberelini ikikosekana, stameni ndizo zinabaki fupi. Homoni ile ile, jibu kinyume kabisa! Juu ya nini?

Homoni ni ujumbe tu. Kengele ya shule inalia mara moja: mwalimu anaingia darasani, muuza maandazi anafunga kikapu. Ndani ya seli, wanaosikia kengele ni protini zinazowasha na kuzima jeni. Katika Arabidopsis mambo yanaenda hivi. Protini za DELLA zinakaa kama askari mlangoni, zinazuia ukuaji. Jiberelini ikiingia, DELLA zinavunjwa. Hapo jeni ya DAD1, iliyoelezwa mwaka 2001, inapata nafasi ya kufanya kazi, na asidi ya jasmoniki inatengenezwa. Asidi hiyo nayo inaamsha virekebishi vitatu vya jeni, MYB21, MYB24 na MYB57, na hivyo ndivyo vinavyorefusha uzi wa stameni. Uzi ukibaki mfupi, kifuko hakifiki karibu na jike, na mbegu zinakosekana.

Mahindi nayo yana DELLA. Kuna aina inayoitwa D8, ambayo askari wake hasikii jiberelini hata ikiwa nyingi: mmea unabaki mfupi, na hindi linatoa stameni. Askari ni yule yule, ila nyumba anayolinda ni nyingine.

Na sisi wa inchi ya shaba tuna sehemu yetu katika habari hii. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba Arabidopsis inahitaji virekebishi viwili, SPL7 na CITF1, ili kupeleka shaba mpaka kwenye vifuko vya chavua. Viwili hivyo vikikosekana, chavua haizai. Tena CITF1 inaongozwa na ile ile asidi ya jasmoniki. Hata ngano ikikosa shaba inapata chavua isiyozaa. Lakini shaba ikizidi, mizizi inaumia. Mmea unataka kidogo tu, na uifikishe mahali pake.

Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi wa kilimo, mtu akikuletea chupa ya homoni akisema "hii inaongeza maua", usiulize bei kwanza. Uliza: kwa mmea gani, kwenye sehemu gani, na wakati gani? Jiberelini inayosaidia stameni ya mmea mmoja inaizuia kwenye mwingine. Na mkulima akilalamika kwamba mahindi yake yana majani mazuri lakini punje ni chache, msimu ujao ingia naye shambani wakati mbelewele inatoka. Uangalie kama chavua inamwagika, na kama nywele zimetoka kwa wakati huo. Jibu linaanzia hapo, kabla ya kununua kitu chochote.

Nani kati yetu ameshaona punje zinaota juu kwenye mbelewele? Atuandikie hapa chini, na kama ana picha ailete.