Sura ya Nne: Panya wa Darini

Mahindi ya masika yakishavunwa Ganze na Magarini, mashamba hubaki matupu. Panya aliyenenepa huko kwa punje na mbegu za magugu hufuata chakula kilikohamia: uchagani, jikoni, chini ya kitanda penye magunia. Ndiyo maana kilio cha panya huzidi baada ya mavuno.

Panya mweusi wa darini, mwenye mkia mrefu kuliko kiwiliwili, hangoji mavuno. Asili yake ni Asia. Alivuka Bahari Hindi ndani ya vyombo, na mifupa yake imefukuliwa hata Unguja Ukuu, bandari ya kale ya Zanzibar. Ni mpandaji hodari, na pwani yetu humpa yote anayoyataka: mnazi wa kula na paa la makuti la kulala.

Kwa hivyo anza kukagua nyumba kutoka juu. Simama uani utazame kama kuti la mnazi au tawi la mwembe limegusa paa. Likate. Shina lenyewe livishe bati laini la upana wa sentimita 30 au zaidi, juu ya kimo cha mtu, ili kucha zikose pa kushika. Nguzo za uchaga nazo zivike bati la umbo la faneli iliyopinduliwa. Melini hufanywa vivyo hivyo: kamba zinazofungwa gatini huvishwa sahani za chuma.

Kisha ingia jikoni usiku na tochi. Mbuzi imeegemezwa ukutani, meno yake bado yana chembe za nazi. Chicha limebaki kwenye karai, ng'onda wananing'inia msumarini. Kipanya mdogo wa nyumbani hushiba kwa gramu 3 hivi kwa siku, na huenda mbuzi peke yake ikamtosha. Ioshe kabla ya kulala. Unga na kunde vikae kwenye debe au ndoo yenye mfuniko wa kubana, gunia halimzuii.

Kipanya huyo hupenya tundu la milimita 6, halipiti hata penseli. Udongo mtupu atautoboa tena, basi shindilia waya wa kusugulia sufuria, kisha upake simiti.

Sumu mimi siipendi. Panya hufia ndani ya makuti, uvundo ukakaa siku nyingi, na paka au bundi akimla huweza kufa naye. Mtego unatosha, wenye kipande cha nazi iliyochomwa, uwekwe ukiwa umegusa ukuta, kwa kuwa panya hutembea akiambaa ukuta. Usichelewe: panya wakizidi, swila na moma huwafuata mpaka chumbani, na Kilifi tunajua watu walioumwa wakiwa wamelala mkekani.

Usipojua anapopita, nyunyiza jivu laini chini ya ukuta jioni. Asubuhi fuata nyayo hadi kwenye tundu.