Fahamu: Nani aingie timu ya mkoa wa Simiyu?

Kila msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, wanafunzi hupanda ngazi kutoka shule hadi mkoa. Simiyu ina halmashauri sita: Bariadi Mji, Bariadi Wilaya, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Walimu wanapokutana kuchuja, ubishi hauishi: achukuliwe anayeng'ara leo, au yule mrefu ambaye hata kudaka mpira bado anajifunza?

Swali hilo liliwahi kumgusa Mtanzania. Mwaka 2009, Memphis Grizzlies ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ilimchagua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam akiwa wa pili kati ya wachezaji wapya, nyuma ya Blake Griffin. Alikuwa na urefu wa mita 2.21, na katika Chuo Kikuu cha Connecticut alisifika kwa kuzuia mipira. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba, Stephen Curry, ambaye wengi walimwona mwembamba mno. Thabeet alimaliza NBA na wastani wa pointi 2.2 kwa mchezo. Curry ametwaa ubingwa mara nne.

Kumcheka Thabeet ni kumwonea, maana hakujichagua mwenyewe. Kule NBA, timu dhaifu ndizo hupewa nafasi nzuri ya kuchagua mapema, hivyo kijana hutua penye shida.

Bariadi hakuna mamilioni ya dola kama NBA. Lakini walimu wachujaji, msimwache mfupi kabla hamjamwona akicheza dhidi ya warefu.