Moyo Hauponi kwa Kuvumilia Peke Yake

Kila mgeni anayepita Swima, kijiji cha kando ya ziwa mashariki mwa Kongo, huacha sifa ileile: watu wa huku wanajua kuvumilia. Huisema akiwa amesimama ufukweni, akina mama wanaanika ndagala na vijana wanashona nyavu, naye amesikia kidogo kuhusu yaliyopita kwenye barabara hii ya Uvira hadi Baraka. Vita vya 1996. Mauaji ya Makobola, mwisho wa 1998. Ukimbizi wa kwenda kambi ya Nyarugusu, ng'ambo, mkoani Kigoma, na kurudi kwa meli mpaka Baraka kuanzia 2005. Halafu bunduki tena milimani, na ziwa kupanda na kumeza nyumba. Sifa hiyo tunaipokea kwa adabu. Lakini tangu nianze kusoma saikolojia chanya, elimu inayochunguza kinachomfanya mtu aishi vizuri na siyo kinachomuumiza tu, naiona sifa hiyo ina upungufu. Kuvumilia humfikisha mtu kesho. Kupona ni kazi nyingine, nayo inafundishika.

Elimu yenyewe si ya zamani. Mwaka 1998 Martin Seligman, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alipokuwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, aliwaambia wenzake kwamba wametumia miaka mingi kuorodhesha maradhi ya akili na wamesahau kuuliza afya ya akili ni nini hasa. Mwaka 2005 yeye na wenzake walichapisha zoezi ambalo leo linafundishwa kila mahali: kila usiku, kwa wiki moja, andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri siku hiyo na sababu ya kila moja. Waliolifanya walikuwa na furaha zaidi hata miezi sita baadaye. Ila walikuwa watu waliojitokeza wenyewe kwenye tovuti ya Seligman, wenye intaneti, kalamu na utulivu wa kuandika jioni. Mama aliyeshuka na mzigo wa mihogo, akapika bugali, akalaza watoto gizani, hana daftari hilo. Nilikaribia kuifunga elimu hiyo hapo, nikaiita ya wenye nafasi.

Kilichonirudisha ni habari ya mbwa. Mwaka 1967 Seligman na mwenzake Steven Maier walichapisha majaribio ambamo mbwa walipigwa shoti za umeme wasizoweza kuzikwepa. Baadaye mbwa hao waliwekwa mahali ambapo wangeruka kizuizi kifupi tu wakawa salama. Wengi walilala chini wakilia, hawakuruka. Kwa miaka mingi maelezo yakawa kwamba mnyama aliyeonewa sana hujifunza kushindwa. Lakini mwaka 2016 watafiti haohao wawili, baada ya Maier kuchunguza ubongo kwa miaka mingi, waliandika kwamba walikuwa wamelishika jambo kinyume. Kulegea hakufunzwi. Mwili uliopigwa muda mrefu hulegea wenyewe. Kinachofunzwa ni kujua kwamba tendo langu linabadili kitu.

Nimelisoma hitimisho hilo mara nyingi, maana linagusa lawama tunazotupiana kila siku. Kijana akishinda chini ya mwembe, wazee wanasema ni mvivu. Mama aliyerudi kutoka kambini akichelewa kushika jembe, majirani wanasema amezoea chakula cha msaada. Kumbe huenda hakuna uvivu hapo, wala mazoea. Mtu aliyepanda mihogo mara kadhaa, ikavunwa na wenye silaha, mwili wake umefanya kile ambacho mwili wowote hufanya. Kumkaripia hakusaidii. Anahitaji kupata tena, hata kwa udogo, mahali ambapo mkono wake ukigusa kitu, kitu kinabadilika.

Mahali hapo paweza kuwa kikundi cha mazungumzo, na ushahidi mzito wa jambo hilo ulitoka hapahapa mashariki mwa Kongo. Mwaka 2013 jarida la udaktari la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Judith Bass na wenzake, uliofanyika vijijini Kivu ya Kusini na ya Kaskazini pamoja na shirika la misaada la IRC. Wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono, au walioushuhudia, waligawanywa kwa vijiji. Katika vijiji vingine kila mmoja alipata msaada wake peke yake. Katika vijiji saba walipata tiba ya kuchambua mawazo: kikao kimoja cha faragha, kisha 11 vya kikundi. Walioendesha vikao hivyo hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa kawaida, wa aina ya wale tunaowakuta kwenye nyumba za kusikilizia.

Kazi ya kikao ni kulikamata wazo linalomkaba mtu. Tuseme mwanamke anajiambia: kosa ni langu, ningepita njia nyingine. Wazo hilo halipuuzwi wala halifunikwi kwa pole. Linawekwa mbele ya wenzake na kuulizwa maswali. Ungejuaje kwamba wapo kwenye njia ile? Aliyeshika bunduki ni nani? Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mafunzo yalirahisishwa na kushikwa kwa kichwa. Miezi sita baada ya tiba, kati ya waliopita kikundini waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi uliokithiri walikuwa 9%. Kati ya waliosaidiwa mmoja mmoja walikuwa 42%. Na vita havikuwa vimekwisha.

Wabembe wa zamani, wenyeji wa huku, wasingeshangaa sana. Lubunga, kibanda ambamo wanaume hukaa na kuzungumza mambo ya ukoo, kilijengwa kwa imani kwamba neno zito halibebwi na mtu mmoja. Kasoro ya lubunga ni kwamba wanawake hawakuwa na kiti humo. Leo kiti chao kipo kwenye AVEC, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ndugu mwenye utaratibu zaidi wa likelemba, mchango wa kupokezana.

Anayetaka kuona jinsi mkono unavyorudishiwa nguvu, akae kwenye kikao kimoja cha AVEC. Sanduku la chuma lina makufuli matatu, na funguo ziko kwa wanachama watatu tofauti. Mmoja akikosa, halifunguki. Namba ya mwanachama inaitwa, anakuja mbele, anataja hisa anazonunua, moja hadi tano, na muhuri unagongwa kwenye kijitabu chake mbele ya macho ya wote. Wiki ambayo mwezi ni mpevu wavuvi hawaendi ziwani, kwa sababu taa zao haziwavuti ndagala, na hapo mihuri inapungua. Mwezi ukififia inaongezeka. Kabla ya kufunga, kiasi kilichobaki kinatangazwa kwa sauti, kila mtu akikariri. Mama asiyejua kusoma anajua hesabu ya sanduku sawasawa na katibu.

Pembeni kuna mfuko wa jamii, wa msiba na ugonjwa. Hapo nilikutana na somo ambalo watafiti nao wamelipima. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn na wenzake walionyesha kwamba waliopewa fedha wakazitumia kwa ajili ya wengine walikuwa na furaha kuliko waliojinunulia wenyewe, na mwaka 2013 Lara Aknin na wenzake wakakuta hali hiyohiyo kwa watu wa Kanada na wa Uganda. Kumbe faranga zinazotoka mfukoni mwa mama kwenda kwenye msiba wa jirani zinamjenga na yeye.

Lakini tusilipake sanduku asali. Watafiti walewale wa Kivu walipopima vikundi vya akiba kwa wanawake walionusurika ukatili, waliona chakula kimeongezeka nyumbani na aibu mbele ya jamii imepungua; majonzi yenyewe hayakupungua kwa tofauti ya kutegemewa. Fedha inarudisha heshima. Jeraha la moyo linataka mazungumzo yake. Ndiyo maana nasema viwili hivi viende pamoja.

Kwa vijana, mfano uko Kenya. Tom Osborn na wenzake walianzisha Shamiri, mpango unaowapeleka vijana waliotoka sekondari juzijuzi kuongoza vikundi vya wanafunzi kwa saa moja kila wiki, wiki nne. Wanafundisha mambo matatu: kwamba mtu anaweza kukua, kushukuru, na kujua anachokithamini. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2021, kwa wanafunzi 413, ulionyesha sonona na wasiwasi vikishuka kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Swima haikosi vijana wenye diploma ya serikali wanaosubiri kazi. Saa moja kwa wiki wanayo.

Sasa neno la tahadhari. Elimu hii ikishikwa vibaya inageuka tusi. Kumwambia aliyechomewa nyumba ataje mambo matatu mema ni kumkejeli, na kuwasifu watu kwa uvumilivu wao ni njia rahisi ya kuwaacha waendelee kuvumilia. Hakuna kikao kitakachotengeneza barabara, kulipa mishahara ya walimu au kunyamazisha bunduki. Serikali ina deni lake, na deni hilo halilipwi kwa saikolojia.

Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na vidole tunavyo. Mashirika huja na mradi wa miezi, yanafunza wasikilizaji, wale wa nyumba za kusikilizia, kisha yanafunga ofisi. Msikilizaji anarudi shambani na ujuzi wake. Eneo la afya la Nundu, na mengine ya Fizi, yamhesabu msikilizaji kuwa mfanyakazi wa kituo, mwenye malipo kama muuguzi, na yawafunze reko, wahamasishaji wa afya wa kijamii, kumtambua mtu aliyezidiwa na mawazo kama wanavyomtambua mwenye kipindupindu. Wachungaji wasimwambie mwenye majonzi kwamba amepungukiwa imani. Na wewe mwanachama wa AVEC, kabla ya sanduku kufungwa, omba dakika chache kila mtu ataje jambo moja lililokwenda vizuri wiki hiyo na alichofanya hadi likawa. Daftari halihitajiki. Kikao kijacho kinatosha kuanza.